Pembetatu ya Mwalimu na Mfumo wa Pili Dukani Kwangu

Swali la saba lilikuwa la pembetatu, na pembetatu haikuwepo. Nilishuka taratibu kwa mausi, mwalimu amesimama nyuma ya kiti changu anapulizia viganja kwa baridi, mpaka nikaikuta ukurasa wa tatu imelalia maelezo ya swali la kumi na moja. Herufi A, B na C zilikuwa zimetawanyika kama vifaranga vilivyoona mwewe. Mwalimu akakohoa kidogo.

"Mama, nyumbani ilikuwa sawa hii."

Ilikuwa sawa kweli. Asubuhi ile nilikuwa nimewasha kompyuta ya duka upande wa Linux, ule mfumo endeshi wa pili niliouweka pembeni ya Windows, wateja wakaanza kuingia, nikajisahau.

Nina steshenari ndogo hapa Soweto, Mbeya. Tunachapa, tunatoa kopi, tunaprinti, tunabaindi, tunafanya laminesheni, na msimu wa maombi ya vyuo tunajaza fomu za watoto wa watu mpaka macho yanauma. Kazi kubwa inafanywa na laptopu moja ya mtumba, ThinkPad T450, niliyoinunua Mwanjelwa ikiwa na stika ya ofisi ya Ulaya ambayo haikubanduka vizuri mpaka leo. RAM ni GB 4, diski ni ile ya kuzunguka ya GB 500, prosesa ni Core i5 ya kizazi cha tano. Ilikuja na Windows 10 na sikuwahi kufikiria kwamba kompyuta inaweza kuwa na kitu kingine. Kwangu mimi Windows ndiyo ilikuwa kompyuta.

Kilichonitoa usingizini ni tarehe. Microsoft walishatangaza kwamba Windows 10 itafikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Baada ya hapo masasisho ya usalama hayaji bure kama zamani, ingawa waliweka njia ya kujiandikisha uongezewe mwaka mmoja. Windows 11 nayo ina masharti: inataka TPM 2.0, kile kijichipu cha usalama, na kwa upande wa Intel inataka, kwa sehemu kubwa, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Yangu ni ya tano. Nilimpelekea fundi, akaigeuza, akasoma stika ya chini, akanirudishia. "Dada, hii ilishapitwa. Tafuta nyingine." Alisema kama mtu anayekwambia tairi limeisha kashata.

Laptopu hiyo ndiyo iliyolipa kodi ya fremu miaka yote. Inawaka, inachapa, inaprinti. Sikuona kilichokufa.

Mdogo wangu anasoma MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kule Iyunga, na Jumamosi huwa anakuja kula. Nikamweleza huku anamenya viazi. Akacheka, akasema, "Weka Linux pembeni. Usiitoe Windows. Weka pembeni tu, ikikushinda unaiacha." Neno lililonishika ni hilo la pembeni. Watu wengi wanaohubiri Linux wanakutaka uhame, tena uhame siku hiyo hiyo, na ukiuliza printa utaifanyaje wanakuona huna imani. Huyu aliniambia nijenge chumba cha uani.

Jina la Linux nililijua kwa mbali. Kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki kule Finland, akakiweka wazi watu wakichukue, wakirekebishe, wakigawe. Juu ya kiini hicho watu wamejenga matoleo mengi. Ubuntu, lililotoka mwaka 2004, lilianzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake sisi hatuhitaji kutafsiriwa, ni utu huo huo wa kwetu. Miaka ya mwanzo walikuwa wanatuma CD bure kwa posta mpaka mlangoni kwako. Mimi nilichukua Linux Mint, ambalo limejengwa juu ya Ubuntu, toleo la 22, lile lenye sura nyepesi ya Xfce kwa ajili ya mashine za umri wa yangu. Toleo hilo linahudumiwa hadi mwaka 2029. Nililifikiria hilo la 2029 kwa muda mrefu kuliko mambo mengine yote.

Faili lenyewe linakaribia GB 3. Nililipakua kwa bando la usiku, simu nimeiegesha dirishani panaposhika mtandao vizuri, mimi nimejifunika blanketi mbili. Ilikuwa Julai. Asiyewahi kulala Mbeya mwezi wa Julai asinihukumu kwa kukaa kitandani na laptopu. Asubuhi nikalichoma kwenye flashi ya GB 8 kwa programu inayoitwa Rufus, ambayo nayo ni ya bure.

Jambo ambalo fundi hakuniambia, na ambalo ningependa mtu angenieleza mapema, ni kwamba huhitaji kusakinisha chochote ili kuionja. Unachomeka flashi, unawasha mashine huku unagonga F12, unachagua flashi, na Linux inawaka kutoka humo humo kwenye flashi. Diski yako haiguswi. Ukizima na kuchomoa, Windows iko palepale kama ulivyoiacha. Nilikaa hivyo siku nne, kila jioni baada ya kufunga duka. Wi-Fi ilishika yenyewe. Printa nayo iliprinti bila ile CD yake ya draiva ambayo huwa naitafuta kama cheti cha kuzaliwa. Skana ilinisumbua jioni mbili, sitaki hata kuizungumzia.

Siku ya tano nikasakinisha. Hapa nitapita haraka, kwa sababu maelekezo yapo kila mahali, ila nitasema mambo matatu ya mtu aliyefanya kwa mkono wake. Nilihamisha kwanza kazi zote za wateja kwenye diski ya nje, zote, hata zile za 2019 ambazo wenyewe walishazisahau. Nikaipunguza patisheni ya Windows, yaani sehemu yake ya diski, nikiwa ndani ya Windows yenyewe, nikapata GB 60 za kuwapa wageni. Na nilifanya siku ambayo umeme ulikuwa umetulia, betri imejaa, maana ukikatika katikati ya kugawa diski hakuna wa kumlilia. Wenye laptopu mpya zaidi kidogo, angalieni kwanza kama diski imefungwa kwa BitLocker, lile kufuli la Windows, na kama ule ufunguo wake mrefu mnao. Yangu haikuwa imefungwa.

Tangu hapo ukiwasha mashine unapata skrini nyeusi yenye orodha fupi: Linux Mint juu, Windows chini, na sekunde kumi za kuamua.

Siku ya tatu ikatokea ya saa. Usiku wake nilikuwa nimefanya hesabu za duka kwenye Linux, nikazima, nikalala. Asubuhi binti anayenisaidia akafungua duka kabla yangu, akawasha Windows. Nafika namkuta amesimama katikati ya duka na ufagio mkononi, anaangalia skrini, halafu mlango, halafu skrini.

"Dada, kompyuta inasema saa kumi na moja alfajiri."

Nje jua lilishapanda juu ya milima, watoto wa shule walishapita zamani. Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini. Kompyuta ilikuwa imeandika 5:20.

Nilidhani nimeharibu kitu. Kumbe ndani ya kila kompyuta kuna kisaa kidogo kinachoishi kwa betri ya kitufe, ndicho kinachoendelea kuhesabu mashine ikiwa imezimwa. Linux ikikishika kisaa hicho inakiwekea saa ya dunia, ile ya UTC, halafu yenyewe kichwani inajumlisha saa tatu za Afrika Mashariki kabla ya kukuonyesha. Windows haijumlishi. Inakisoma kisaa na kuamini kwamba kilichoandikwa ndiyo saa ya hapa ulipo. Kwa hiyo Linux iliandika saa ya dunia usiku, Windows ikaisoma asubuhi kama saa ya Mbeya, tukarudi nyuma saa tatu. Ikipata intaneti inajirekebisha, lakini dukani kwangu bando haliwashwi kabla ya mteja wa kwanza kulihitaji.

Nilicheka peke yangu nilipoelewa, kwa sababu katika watu wote wa dunia, sisi tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Mshale unaonyesha nne, mdomo unasema saa kumi. Tangu utoto tunasoma saa moja na kutamka nyingine, na hesabu inafanyika humo katikati bila mtu kuisikia. Mgeni akija anaambiwa "njoo saa tatu" anafika adhuhuri imepita, wenyeji wamemaliza chai zamani. Linux na Windows walikuwa wanafanya hivyo hivyo, kila mmoja ana akili yake timamu, ila hawakuwa wameambiana.

Dawa ni mstari mmoja. Unafungua ile skrini nyeusi ya kuandikia amri upande wa Linux, unaandika timedatectl set-local-rtc 1, basi, nayo inakubali kisaa kikae kwa saa ya hapa. Itakupa onyo refu kwamba si utaratibu mzuri, sababu kubwa ikiwa ni nchi zinazosogeza saa mbele wakati wa kiangazi na kuzirudisha baadaye. Sisi hatusogezi saa. Nikalisoma onyo mpaka mwisho, nikalishukuru, nikaendelea.

Kuna na siku Linux ilikataa kunihifadhia faili upande wa diski ya Windows. Inafungua, inasoma, lakini kuandika haitaki. Ile nayo ni desturi ya nyumba: Windows 10 ukiizima kawaida haizimi kabisa, inasinzia jicho moja wazi ili kesho iamke haraka, na Linux ikikuta mwenye nyumba hajalala vizuri haisogezi vyombo vyake. Nikaenda kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, nikaondoa ile alama ya Fast Startup, yakaisha. Niliipenda heshima ile.

Turudi kwa mwalimu na pembetatu yake. Barua za kawaida hazikuwa na shida. Linux huja na fonti inayoitwa Liberation Serif ambayo upana wa kila herufi umepimwa ulingane na Times New Roman, na nyingine, Carlito, iliyopimwa hivyo hivyo kwa Calibri. Barua ya maombi ya kazi iliyoishia mstari wa ishirini kwenye Word inaishia mstari wa ishirini kwenye LibreOffice, programu ya kuchapia ya upande wa Linux. Nilijaribu na barua nyingi za zamani, nikaridhika, nikavimba kichwa. Nilichosahau ni kwamba mitihani ya hesabu haikuandikwa, imechorwa. Mwalimu yule hachori pembetatu kama picha moja. Anachora mistari mitatu, anabandika visanduku vitatu vya maandishi, anavivuta kwa jicho mpaka vikae, usiku, kwa miwani. Ukifungua kwenye programu nyingine kila kipande kinatafuta pa kukaa.

Nilizima, nikawasha Windows, nikasubiri. Diski ya kuzunguka na RAM ya GB 4, si haba kusubiri. Mwalimu alimaliza kunieleza habari za kanisani zote. Pembetatu ikarudi mahali pake. Akalipa, akaondoka, ila mlangoni aligeuka kuiangalia laptopu kwa jicho ambalo walimu huwa wanamtazamia mtoto aliyehamia kutoka shule nyingine.

Sitadanganya, nilivunjika moyo. Msimu wa mitihani ya mwisho wa mwaka ulipokaribia niliamua kuondoa kila kitu. Sikumwambia mdogo wangu. Nikaingia Windows, nikafungua sehemu ya kugawa diski, nikafuta patisheni ya Linux, nikarudisha GB zangu 60. Nikajisikia nimefagia nyumba. Nikazima.

Nilipowasha, hakuna orodha, hakuna Windows, hakuna kitu. Skrini nyeusi na neno grub, na kistari kinachopepesa kikinisubiri niseme jambo.

Kosa langu kabisa hilo, na ninaliandika ili mwingine asijinyonge. Ile orodha ya kuchagua mifumo ina programu yake, GRUB, na GRUB inaweka mafaili yake ndani ya patisheni ya Linux. Mimi nilikuwa nimefuta nyumba nikaacha bawabu mlangoni, naye akiulizwa njia hajui tena kuna nini ndani. Windows ilikuwa hai muda wote. Nilizima, nikawasha nikigonga F12, nikachagua Windows Boot Manager, ikawaka. Baadaye nikaingia kwenye mipangilio ya mashine nikaiweka Windows iwe ya kwanza. Dakika kumi za kazi, ila zilitanguliwa na saa nzima ya mikono kutetemeka na mtungi wa chai.

Basi nikawa nimemaliza na Linux. Ile flashi ya GB 8 nikaitupa kwenye droo ya pini na gundi.

Wasiofanya kazi hii hawajui kwamba steshenari ni kama zahanati, flashi ndiyo mgonjwa. Kwa siku zinapita kumi, ishirini, zimetoka vyuoni, maofisini, kwenye kompyuta za shule ambazo hazijaona antivirusi tangu zinunuliwe. Na ugonjwa unaojulikana kuliko yote ni ule wa shotikati. Mteja anachomeka, anaona mafaili yake yote yamegeuka vialama vyenye mshale mdogo, anabofya, hayafunguki, na ile kubofya yenyewe ndiyo inayomwingiza mdudu kwenye kompyuta yako, ambayo nayo itamwambukiza mteja anayefuata. Nimeshalaumiwa kwa hilo. Nimeshawahi kulaumiwa kwa haki, tena.

Siku moja ya Novemba akaja kijana wa chuo, amelowa mvua, anataka kuprinti na kubaindi ripoti ya fildi. Mwisho wa kukusanya ni saa kumi jioni. Tukachomeka: shotikati tupu. Akakaa kwenye benchi la wateja, akashika kichwa, hakusema kitu. Binti akaniangalia. Mimi nikaangalia droo.

Niliwasha laptopu kutoka kwenye ile flashi ya Linux, bila kusakinisha, kama zile jioni nne za mwanzo. Kisha nikachomeka ya kijana kwenye tundu la pili. Zile shotikati zilikuwepo, lakini pembeni yake kulikuwa na folda ambayo Windows haikuwa ikituonyesha, folda isiyo na jina, chini ya picha yake pamebaki peupe. Nikaibofya. Ripoti ilikuwa humo, na sura zake zote, na picha za fildi, na nyimbo nyingi kuliko ripoti. Mdudu wa namna hii huwa hali mafaili. Anayasogeza kwenye folda aliyoificha, anaweka vialama vyake mbele. Ule ufichaji ni alama ambayo Windows inaiheshimu na Linux haijali, na programu yenyewe ya mdudu imeandikwa kwa ajili ya Windows, kwa hiyo huku ilikuwa imelala tu kama jiwe. Nikayatoa mafaili, nikayaweka kwenye flashi safi.

Kijana alisimama, akanishukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga fijo, dada. Ndaga fijo." Akanisalimia tena upya kama ndiyo kwanza anaingia.

Jioni ile nikaisakinisha Linux mara ya pili. Safari hii nilijua ninaitaka kwa kazi gani, jambo ambalo Julai sikulijua. Julai nilitaka inithibitishie kwamba inaweza kufanya kila kinachofanywa na Windows, na kila iliposhindwa niliiona mbovu. Sasa inafanya mapokezi. Kila flashi inayoingia inafunguliwa upande wa Linux kwanza, inasafishwa, faili linageuzwa PDF linaprintiwa. Wateja wengi hawahitaji zaidi ya hapo. Hesabu za duka, barua, fomu za mtandaoni, zote ziko huko. Windows inawashwa kwa mitihani yenye michoro na kwa programu moja ya picha za pasipoti ambayo vidole vya binti vimeizoea. Baada ya ile tarehe ya Oktoba, napenda pia kwamba upande unaoingia intaneti ni ule unaoendelea kupata masasisho. Sisemi Linux haiugui, nayo ina wadudu wake, na faili la Word lenye sumu ukilipitisha bila kuliangalia litamdhuru mteja huko aendako. Bado tunanawa mikono.

Nilijaribu pia kuiweka kwa Kiswahili. Watu walishaifanya kazi hiyo zamani. Mradi wa Kilinux, uliokuwa na makao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu nzima ya ofisi kwa lugha yetu, na wengi wetu hatukupata hata habari. Yangu ilikuja nusu Kiswahili nusu Kiingereza, yaani kama tunavyoongea. Binti aliipenda. Mimi nilirudisha Kiingereza baada ya wiki, kwa sababu vidole vyangu vinajua Save iko wapi kabla macho hayajasoma, na nikaona aibu kidogo kwa hilo.

Mdogo wangu alipogundua kwamba niliiondoa nikairudisha alinuna mpaka chakula kilipoiva.

Mwalimu bado ni mteja. Juzi amekuja na mtihani wa muhula, nikamwamkia, akaitikia, akavuta kiti. Kabla hajatoa flashi mfukoni akauliza, "Leo mko upande upi?" Nikamwambia tuko upande ule wa pembetatu kukimbia. Akatikisa kichwa, akatoa flashi, akainua kidole kimoja. Amejifunza kugeuza PDF nyumbani.

Nikafungua. Swali la saba lilikuwa la duara.